Lugha za Dunia na Lugha za Kikundi Chetu

(Mazungumzo haya yalitolewa kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia huko Trans Nzoia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Niliombwa niseme juu ya mawasiliano katika kikundi. Kwa kawaida mtu akipewa kichwa kama hicho huchora mishale ubaoni, msemaji huku na msikilizaji kule. Mimi leo sichori. Nataka tuanze kwa kuhesabu. Asubuhi mlipokuwa mkijiandikisha nilimwuliza kila mmoja alikuwa akiongea lugha gani na mama yake. Nimepata Kibukusu, Kisabaot, Kipokot, Kiturkana, Kiteso, Kikuyu, Kikisii, Kinandi, Kijaluo na Kimaragoli. Hizo ni lugha 10 kwa watu 38. Halafu kijana mmoja pale nyuma akaniandikia kwenye karatasi kwamba yeye lugha yake ni ya ishara. Basi ni 11.

Niwaambie kwa nini nahesabu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa kikundi fulani, sitakitaja. Miongoni mwetu kulikuwa na mama mmoja Mturkana. Mikutano yetu ilianza kwa Kiswahili vizuri, lakini mambo yakipamba moto tuligeukia Kibukusu, kwa sababu sisi tulikuwa wengi. Nami kumbukumbu nilikuwa naandika kwa Kiingereza, ati ndicho benki inachotaka. Siku moja tulipitisha kwamba kila mwenye mnyama amweke dhamana ya mkopo wa kinu cha posho. Nikauliza, "Tumekubaliana?" Watu wakaitikia. Yule mama naye akaitikia, akaja mbele akatia kidole gumba. Alifikiri tunakubaliana juu ya siku ya mkutano ujao.

Kinu kikaharibika kabla ya mwaka kwisha, mkopo ukakwama, na ng'ombe wake wa maziwa, mmoja tu aliyekuwa naye, akauzwa. Hakugombana na mtu. Aliacha kuja tu. Kwenye kitabu niliandika "hakuja, bila sababu" mara tatu, kisha nikalifuta jina lake kufuatana na sheria za kikundi. Sababu nilikuja kuijua mwaka uliofuata, tena kutoka kwa mtoto wake aliyekuwa darasa la sita.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma habari za lugha. Sikusomea chuoni, nasoma tu. Nilitaka kujua ilikuwaje sisi watu wa soko moja na mto mmoja tuwe hatusikilizani. Na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba sisi si ajabu hata kidogo. Dunia nzima iko hivi, ila si kwa kipimo kimoja kila mahali.

Duniani kuna lugha kama 7,000. Afrika peke yake ina zaidi ya 2,000, karibu theluthi moja ya zote. Ulaya yote haifiki 300. Nchi inayoongoza ni Papua New Guinea, kule kaskazini ya Australia: watu kama milioni 10 hivi, lugha kama 840. Fikirini, hao wote ni wachache kuliko sisi Wakenya. Indonesia ina kama 700, Nigeria zaidi ya 500, jirani zetu Tanzania zaidi ya 120. Kenya yetu hutajwa kuwa na kati ya 60 na 70.

Hesabu hizi lakini si kama hesabu ya magunia ya mahindi. Wataalamu wenyewe hawakubaliani lugha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kibukusu na Kimaragoli, je, ni lugha mbili au ni matawi ya Kiluhya? Nikiuliza swali hilo hapa hatutakunywa chai, kwa hiyo naliacha.

Sasa, kwa nini mahali pengine lugha zimejaa na pengine ni chache? Tuangalie hapa hapa kwetu. Kaunti ya Vihiga haifiki kilomita za mraba 600. Ndani yake kuna Kimaragoli, Kinyore na Kitiriki, na pale pembeni wako Waterik, ambao asili ya lugha yao si Kibantu kabisa bali ni ya jamaa ya Kikalenjin. Halafu twende Turkana. Kaunti ile inazidi kilomita za mraba 68,000. Unaweza kuingiza Vihiga zaidi ya mara 100 na nafasi ibaki. Na toka mwanzo wake hadi mwisho wake, mwenyeji utakayemkuta karibu kila mahali atakusalimu kwa Kiturkana.

Mwingereza mmoja mtaalamu, Daniel Nettle, katika miaka ya 1990 alilitazama jambo hili kwa kulinganisha nchi za Afrika Magharibi. Aliona kwamba ukitoka kwenye ukame wa kaskazini ukishuka kusini kwenye mvua ya miezi mingi, lugha zinazidi kuwa nyingi. Maelezo yake mkulima yeyote atayaelewa. Mahali ambapo mvua ni nzuri na unaweza kupanda na kuvuna karibu mwaka mzima, ukoo mmoja kwenye kilima kimoja unajitosheleza. Una ndizi, una mtama, una mboga, maji yako karibu. Humhitaji sana mtu wa kilima cha tatu, na baada ya miaka mia tano watoto wako na watoto wake hawaongei sawasawa. Lakini kwenye nchi kavu mvua inanyesha huku na kule hainyeshi. Mwaka huu wewe unaomba malisho kwa rafiki aliye safari ya siku nne, mwaka ujao yeye anakuja kwako. Ukikosa kusikilizana naye, mifugo yako inakufa. Kwa hiyo lugha inatandazwa mbali kama chandarua.

Mvua si sababu pekee. Milima inatenga watu, na ndiyo maana Papua New Guinea, yenye mvua na mabonde marefu, imezidi wote. Falme na serikali zinafuta lugha ndogo, na vita pia. Kule Australia, Waingereza walipofika mwaka 1788 kulikuwa na lugha zaidi ya 250. Leo zile ambazo watoto bado wanazianza mikononi mwa mama zao ni kama kumi na kitu tu. Hapo si mvua iliyofanya kazi.

Turudi chumbani humu. Lugha hizi 10 zinazosemwa kwa mdomo hazikuota kila moja peke yake. Mbukusu anamwita mtu *omundu*, Mkikuyu *mũndũ*, Mkisii *omonto*, Mmeru *muntu*, na ukishuka hadi Afrika Kusini, Mzulu anasema *umuntu*. Hizo ni lugha za Kibantu, na wasomi wanakubaliana kwamba asili yake ni karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni, miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Sasa mwulize Mjaluo, atakwambia *dhano*. Mnandi atakwambia *chito*. Hapo jamaa imebadilika. Hao ni Waniloti, na ndugu za Wajaluo kwa lugha wako Uganda, kama Waacholi, hata Washilluk wa Sudan Kusini. Kundi la tatu hapa Kenya ni Wakushi, kina Somali, Borana na Rendile, ambao leo hatunao. Lugha zao zina ujamaa wa mbali na Kiarabu, Kiebrania na Kihausa.

Kuna jambo lilinifurahisha asubuhi. Mzee wetu wa Kiteso na dada yetu Mturkana walikuwa wanangoja maji pale kwenye tangi. Mmoja alisema *akipi*, mwingine akacheka akasema, "Sisi ni *ngakipi*." Wamekaa wilaya moja miaka mingi, mmoja akifikiri mwenzake ni mgeni kabisa. Kumbe ni watoto wa nyumba moja waliopeana mgongo zamani.

Mfano mkubwa kuliko wote wa namna hii uko ng'ambo ya bahari yetu. Watu wa Madagaska ni jirani zetu, lakini lugha yao haikutoka Afrika. Ndugu yake wa karibu kabisa iko kisiwani Borneo, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Mabaharia walivuka wakaja nayo, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Lugha za jamaa hiyo zilienda upande wa pili pia, kisiwa baada ya kisiwa, hadi Hawaii na New Zealand. Kwa Kimalai tano ni *lima*. Hawaii ni *lima*. Kwa Wamaori wa New Zealand ni *rima*. Madagaska ni *dimy*. Nusu ya dunia imezungukwa kwa mtumbwi na namba imebaki vile vile! Na walipofika Madagaska walikutana na watu wa pwani ya Afrika, wakachukua mifugo pamoja na majina yake. Ng'ombe kwao ni *omby*, kondoo ni *ondry*. Mnasikia wenyewe.

Basi ikiwa lugha ni ngumu kiasi hicho kufa, mbona tunaambiwa zinakwisha? Maana ni kweli zinakwisha. Zaidi ya nusu ya watu wote duniani wanaongea lugha 20 na ushei tu kama lugha zao za kwanza: Kichina, Kihispania, Kiingereza, Kihindi, Kiarabu na wenzake. Upande wa pili, karibu nusu ya lugha zote 7,000 zina wasemaji chini ya 10,000 kila moja. 

Nitawapa mfano wa Kenya. Laikipia kuna msitu unaitwa Mukogodo. Ndani yake walikuwa wakiishi Wayaaku, wawindaji na wafuga nyuki, lugha yao ya Kikushi. Kijana akitaka kuoa, mahari yake ilikuwa mizinga ya nyuki. Serikali ya mkoloni ikahamisha watu huku na huku, wafugaji wenye kuongea Kimaasai wakawa majirani wa karibu, watu wakaanza kuoana. Mfugaji akimwoa binti wa Kiyaaku analeta ng'ombe. Lakini kijana wa Kiyaaku akienda kuposa na mizinga yake, nani atampokea? Basi kati ya miaka ya 1920 na 1930 Wayaaku wakageukia mifugo, na waliogeukia mifugo wakawalea watoto kwa Kimaasai, lugha ya mifugo. Hakuna baraza lililoitishwa. Hakuna mzee aliyesimama akasema, "Kuanzia kesho tunaacha lugha yetu." Walibadili mahari, na lugha ikaifuata mizinga. Mwishoni walibaki wazee wachache sana wanaoikumbuka. Siku hizi wapo Wayaaku wanaojaribu kuifufua kwa vijana, kazi si rahisi.

Mfano wa pili ni Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano na pwani ya ziwa pale. Hao ni Wabantu. Walioana na Wajaluo, biashara ya samaki ikawa kwa Kijaluo, na watoto wakafuata ulimi wa mama zao. Halafu, na hapa sisi watu wa kanisa tuseme ukweli wetu, shule na ibada zikaletwa kwao kwa Kijaluo. Mtoto aliimba kwa Kijaluo, akasoma kwa Kijaluo, akarudi nyumbani kwa nyanya anayeongea Kisuba. Mnajua nani alishindwa.

Kanisa limefanya yote mawili, kujenga na kubomoa. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1882 bado inatajwa hadi leo. Huku kwetu Magharibi Wakwaker wa Kaimosi waliandika Kimaragoli, wamisheni wengine wa Bunyore wakaandika Kinyore, kila misheni na vitabu vyake. Miaka ya 1940 ikaundwa kamati ya kutengeneza Kiluhya kimoja cha kuandikwa. Walijitahidi, lakini Wamaragoli na Wabukusu hawakukubali kuacha chao, na nadhani ningekuwako nami nisingekubali.

Lakini lugha inaweza kurudishwa? Nimewataja Wamaori. Kufika miaka ya 1970 walikuwa karibu kuipoteza yao, wazazi wengi walikuwa wanaongea Kiingereza nyumbani ili watoto wafanye vizuri shuleni. Mwaka 1982 walianza kitu walichokiita kiota cha lugha. Ni shule ya watoto wadogo, kama nasari zetu, lakini walezi ni nyanya na babu, na mlangoni ukiingia Kiingereza kinabaki nje. Mzee anapika na mtoto, anafagia naye, anamfunza nyimbo, yote kwa Kimaori. Serikali ilisaidia, lakini mwendeshaji ni jamaa za watoto wenyewe. Viota vilienea nchi nzima kwa miaka michache, na watu wa Hawaii wakaja kuiga. Nawaambia habari hii kwa sababu hapa kuna vikundi viwili vyenye nasari, na vyote viwili vina nyanya wanaokaa nje ya ua wakingoja wajukuu.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuache Kiswahili. Bila Kiswahili nisingeweza kusema nanyi hapa. Hata Papua New Guinea wana Kiswahili chao, kinaitwa Tok Pisin, kilichozaliwa kwenye mashamba makubwa na meli kwa maneno mengi ya Kiingereza, na sasa watu wanakijua kila pembe ya nchi. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kipengele hicho hicho, cha 7, kinaendelea kusema kwamba serikali itakuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Bungeni, lugha ya ishara ya Kenya ni lugha rasmi sawa na hizo mbili. Kama Bunge limemwekea kiziwi mkalimani, sisi wa mkutano wa watu 20 chini ya mwembe tunashindwa nini?

Basi nije kwenye kazi. Mnaweza kukataa, lakini sikilizeni kwanza. Uamuzi wowote unaohusu pesa, mnyama au shamba la mwanachama usitiwe kidole mpaka usomwe kwa lugha ya kila aliyepo. Na kusoma tu hakutoshi, maana hata mimi nilisoma. Yule mwanachama mwenyewe arudie kwa maneno yake alichosikia: nimeweka nini, nitakilipa lini, nisipolipa itakuwaje. Akikosea, mkalimani arudi mwanzo. Mkalimani asiwe mtoto wa shule, na mama asitafsiriwe na bwanake ikiwa jambo ni la mali ya mama. Mnacheka, lakini mnajua. Kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili. Niliuliza benki baadaye, na waliniambia hawajawahi kudai Kiingereza. Nilikuwa nimejitungia mwenyewe.

Mtasema inachukua muda. Ndiyo. Kikundi kimoja walijaribu, mkutano ukavuka saa nzima, watu wakanung'unika. Mara ya tatu walimaliza kwa wakati, kwa sababu ule ubishi wa baada ya mkutano, wa njiani, ulikuwa umekwisha.

Yule mama nilikwenda kumwona. Nilikwenda na rafiki anayejua Kiturkana, sikumtumia mtoto tena. Nilieleza, nikaomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamjibu mkalimani kwa maneno machache. Alisema, "Mwambie walikuwa wanaongea haraka." Kisha akatupa chai. Wanachama tulichanga, ilituchukua misimu miwili, tukamnunulia mtamba. Kikundini hakurudi, ana kingine sasa.

Chai yetu nayo iko tayari. Tukirudi, kila kikundi kichukue karatasi kubwa pale mezani. Andikeni ile sheria yenu ya mikopo kwa lugha zote za wanachama wenu, hata mwenye lugha yake awe ni mmoja tu. Kijana wetu wa pale nyuma atatuonyesha yake kwa mikono. Mkifika kwenye maneno kama dhamana na riba, mkaona lugha fulani haina neno lake, msibuni. Wekeni mstari hapo, na baada ya chai tutaanza na hayo yenye mistari.